Kiapo Nisichokidai

Rajabu alinipigia simu asubuhi nikiwa dukani kwangu Migori, nikikata kitambaa cha sare za shule, akaniambia Maalim Sadiki amefariki na ameshazikwa. "Omera, ndugu yangu, mambo ilikuwa mbio," alisema. "Unajua sisi hatuweki maiti." Najua. Nimekuwa Mwislamu tangu nilipokuwa na miaka kumi na tisa na najua tunavyowahi kuzika, lakini najua pia kwamba simu ya kutoka Kendu Bay inafika Migori papo hapo. Nilimwombea Maalim rehema, nikaweka simu mezani, nikaendelea kukata, na nikakata vibaya. Mke wangu aliponiuliza kuna nini nikamjibu kwamba mwalimu wangu amekufa. Alishangaa, kwa sababu tumeoana miaka mingi na hakuwahi kunisikia nikisema kwamba nilikuwa na mwalimu. Ningesemaje? Mtu aliyekanwa na mwalimu wake msikitini, watu wakisikia, anajifunza kuishi kama aliyejifundisha mwenyewe.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule nilioishi nyumbani kwa Maalim. Nilikuja Kendu Bay kutoka Sori kutafuta kazi ya cherehani, sikuja kutafuta dini. Kwetu walikuwa Wasabato, na hayo ya kwetu nayaacha hapo. Maalim alikuwa imamu wa msikiti na pia fundi wa nguo, na nyumba aliyokaa ilikuwa ya msikiti. Sebule ndiyo ilikuwa karakana: cherehani mbili za miguu, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa, na waya uliotundikwa kanzu ambazo hazijatiwa ukosi. Dirisha lilitazama mabomba ya msikiti, kwa hiyo tulishona tukisikia watu wakitawadha na kusalimiana. Kati ya sebule na chumba cha ndani palikuwa na ukuta wa mbao usiofika darini. Kila lililosemwa ndani lilivuka likatukuta kazini, pamoja na harufu ya chai ya tangawizi ya Bi Hadija, mke wake. Asubuhi tulikunywa chai hiyo kwa nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa, na mchana tulikula ugali kwa omena, dagaa wa ziwani. Mimi na Rajabu, mpwa wa Maalim, tulikula sinia moja, na Rajabu alikuwa mwepesi wa mkono, akinimalizia omena huku akinisimulia habari za mpira.

Alhamisi alasiri watu wachache walikuja, wakavua viatu mlangoni, wakaingia chumba cha ndani. Alikuwapo mchinjaji mmoja, dereva wa lori aliyestaafu, na wazee wengine ambao majina yao yamenitoka. Mara ya kwanza kuwasikia wakizikiri nilikuwa kwenye cherehani nikiunga mikono ya kanzu. Walianza polepole, Hakuna Mungu ila Mwenyezi Mungu, kwa Kiarabu ambacho sikukielewa hata neno moja, sauti ya Maalim ikiwa chini ya sauti zote na ikizibeba. Mguu wangu ulisimama juu ya pedeli. Sijui namna nyingine ya kulisema hili: kitu kilichokuwa kimenibana kifuani tangu utotoni kiliachia. Wakati wa magharibi muadhini alipofungua kinywa, wote wakanyamaza mara moja, katikati ya pumzi, wakainuka kwenda kusali. Nilipomwomba Maalim niketi nao Alhamisi inayofuata, alinicheka kwa upole.

"Zikiri si ngoma," alisema. "Kwanza ujue kutawadha. Ujue sala. Ujue kununua na kuuza, ujue haki ya jirani. Ukimaliza hayo uniulize tena."

"Na nikijua hayo yote, Maalim, bado nitahitaji zikiri?"

"Ukijua hayo yote ndio utaona unavyoihitaji."

Basi nikasoma. Nusu ya kwanza ya mwaka ule ilikwenda katika maji: maji yapi yanatoharisha na yapi hayatoharishi, kiungo gani kinaoshwa kabla ya kipi, na mtu afanye nini akikosa maji kabisa, jambo lililomchekesha Rajabu kwa kuwa ziwa lilikuwa pale pale. Watu wengi wanadhani wafuasi wa tarika, yaani njia hii ya zikiri, wanaikimbia sharia. Maalim Sadiki alikuwa mkali wa sharia kuliko mtu yeyote niliyekutana naye baadaye. Alisema mtu akikuambia amefika kwa Mungu mpaka sala haimhusu tena, mwache hapo hapo alipofikia. Alipata kumtoa chumbani mgeni aliyekuja akazikiri kwa pumzi, namna ile ya kukokota koo ambapo jina la Mwenyezi Mungu linamezwa na kubaki kikohozi. "Hapa jina linatajwa lote," alimwambia, "mwanzo wake na mwisho wake. Kama hutaki, kuna barabara." Mgeni akachukua viatu vyake.

Siku moja tulipokuwa tukipindisha mapindo ya kanzu akatufundisha mambo ya mashtaka. Alipiga cherehani yake kofi akauliza, mtu akija akadai kwamba mashine hii ni yake, nani alete ushahidi.

"Huyo anayedai," Rajabu alisema.

"Na kama hana mashahidi?"

 Maalim akaeleza kwamba hapo yule anayekataa ataapa kwa Mungu, na akishaapa kesi imekwisha. Akiogopa kuapa, amejifunga mwenyewe. Lakini haapishwi mpaka mdai atake, kwa sababu kiapo ni haki ya mdai. Nilimuuliza, je, mtu akiapa uongo? Akasema basi kesi yake imepelekwa kwa hakimu mwingine ambaye hadanganywi. Akashona kidogo, kisha akaongeza kwamba hiyo ni sharia na lazima iwepo, bila hiyo wenye nguvu wangetula wazima. Ila watu wa tarika wana kitu juu yake. Mwenye haki anaruhusiwa kuiacha. Akiiacha kwa ajili ya Mungu, na huku angeweza kuidai, amepanda daraja.

"Kwa hivyo, Mjomba, nikichukua hii cherehani yako utaniachia tu?" Rajabu aliuliza.

"Jaribu uone," Maalim alisema, na hata Bi Hadija alicheka kule ndani.

Nilisilimu nikapewa jina la Yunus. Kaka yangu mkubwa alipopata habari alikuja kutoka Sori. Alipewa samaki mzima, akala bila neno, akanawa, akanishukuru mimi badala ya mwenye nyumba. Nilipomsindikiza nje aliniambia kwa Kiluo kwamba nisirudi nyumbani na kile kichwa nilichokivika kofia. Sikulia hadi alipokwisha kupotea njiani. Niliporudi ndani Bi Hadija alikuwa ameniwekea chai, na Maalim alisogeza kiti chake karibu na changu tukashona hivyo mpaka jioni. Nikajisemea kwamba nyumba nimepata nyingine. Nililiamini jambo hilo kuliko lolote nililowahi kuambiwa na mtu yeyote.

Alhamisi moja, watu walipokuwa hawajafika, Maalim aliniita chumba cha ndani anipe mkono. Ndivyo mtu anavyoingia tarika: anashikana mkono na mwalimu wake, naye mwalimu alishikana na wake, na wake na wake, hadi huko nyuma kabisa. Tulikaa mkekani magoti yetu yakigusana. Rajabu aliketi kando yetu. Bi Hadija alisimama mlangoni na chetezo cha ubani, moshi ukimwingia machoni. Maalim alinishika mkono wa kulia, akanisomesha maneno, nikayarudia, akaniambia kwamba tangu saa ile mimi ni mwanawe, na kwamba mbele ya Mungu ataulizwa habari zangu. Mkono wake ulikuwa na sugu la mkasi chini ya kidole gumba. Nilitoka pale najiona mrefu.

Muda si mrefu familia chache za Kiislamu zilizokuwa zikifanya biashara Migori zilimwomba Maalim mtu wa kuwaongoza zikiri. Yeye miguu ilikuwa ikimsumbua, Rajabu hakutaka, akanituma mimi. Tulikutana Jumapili mchana katika chumba nyuma ya ghala la mahindi, wanaume huku na wanawake kule, watoto wakipita na kurudi. Nilianza kila mara kwa somo la fikihi kama nilivyofunzwa, na nilimkatiza kila aliyemeza jina. Walinipenda. Mama mmoja aliyeuza vitenge kule Isebania aliniita Maalim mdogo, na nikienda walinipikia wali na kunipakulia mimi kwanza. Nikirudi Kendu Bay nilimsimulia Maalim kila kitu, naye alisikiliza huku ameinamisha kichwa, akiuliza nani alikuja na nani hakuja.

Kisha akarudi ustadhi mmoja. Alikuwa mtoto wa pale pale Kendu Bay, amesoma miaka mingi nje, na alirudi na wafadhili waliokuwa tayari kujenga msikiti mpya na madrasa. Walitaka kwanza kujua kama imamu wa mahali pale ni mtu wa uzushi, yaani mambo ya ibada ambayo Mtume hakuyafundisha, na zikiri ya kukaa duara waliihesabu humo. Alhamisi zikaanza kupungua watu. Mchinjaji akaacha kuja. Asubuhi moja nilisikia Maalim na mkewe wakizungumza nyuma ya ukuta wa mbao, na ninayakumbuka maneno yao kwa sababu mguu wangu ulisimama tena juu ya pedeli.

"Si uwaambie tu," Bi Hadija alisema. "Wewe umesoma. Vitabu ziko. Unaogopa nini?"

"Hii nyumba ni ya msikiti, Hadija. Wakinitoa tutaenda wapi?"

"Tutaenda penye Mungu atatupeleka."

"Hiyo ni rahisi kusema ukiwa jikoni."

 Sufuria ikawekwa chini kwa nguvu. Mimi nilimhurumia Maalim, nikaazimia kumwombea, na haikunipitia akilini hata kidogo kwamba maneno yale yalinihusu.

Ijumaa moja baada ya sala ustadhi aliomba watu wasiondoke. Kamati ya msikiti ilikuwa imekaa mbele, mwenyekiti wake mzee mpole aliyekuwa akiuza mbao. Ustadhi alisimama, akaniita kwa jina. Hakupandisha sauti. Aliuliza, mimi ambaye mwaka uliopita nilikuwa nikisali kanisani, ni nani aliyeniruhusu kuwaongoza Waislamu wa Migori katika zikiri.

Sikuona swali lenyewe kuwa gumu. "Maalim," nilisema. "Nilimpa mkono, akanituma."

Watu wakamgeukia Maalim. Alikuwa ameegemea nguzo, akitazama mkeka mbele ya magoti yake. Alichukua muda, na katika muda ule bado nilikuwa nikitabasamu.

"Huyu kijana ni fundi wangu," alisema. "Nimemfundisha sala na kushona. Zikiri ya Migori ni yake mwenyewe. Mkono sikumpa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimtazama Rajabu, nikasema Rajabu alikuwapo, aulizwe. Rajabu aliinuka nusu. "Mimi sikuona kitu," alisema, akaketi. Bi Hadija sikumtaja. Alikuwa nyumbani, na wanaume wale hakuna aliyewazia kumwita, nami nilikuwa kijana, sikuwazia pia. Mwenyekiti akamuuliza ustadhi sharia inasemaje mtu akidai na hana shahidi. Na hapa lazima nimtendee haki ustadhi yule, kwa kuwa siku ile ndiye peke yake aliyenitendea haki mimi. Alisema sharia iko wazi: kijana ndiye mdai, hana ushahidi, Maalim amekana, basi Maalim aape, kijana akitaka. Akanigeukia kabisa. "Unataka aape?"

Maalim aliinua uso kwa mara ya kwanza. Tulitazamana. Macho yake yalikuwa yameloa, na niliyasoma kwamba yananiomba nimwache. Nilijua kwamba nikisema ndiyo, ataapa uongo msikitini apoteze akhera yake, au atasema kweli apoteze nyumba na kazi uzeeni. Nilikuwa na haki na niliweza kuidai. Nikakumbuka kanzu, mapindo, na yale aliyotuambia kuhusu mwenye haki anayeiacha. Hata pale, dakika chache baada ya kunikana, nilitaka aone kwamba nimesoma vizuri.

"Sidai kiapo," nilisema. "Nimemwachia kwa ajili ya Mungu."

"Ni haki yako," ustadhi alisema. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Mwenyekiti akatangaza kwamba basi imethibiti sikuwa na ruhusa ya mtu, na watu wa Migori wajulishwe. Nilirudi nyumbani kuchukua nguo zangu. Maalim hakuja. Bi Hadija alinifungia viazi vitamu kwenye kitambaa, akajaribu kusema neno, akashindwa, akaingia ndani.

Nilikwenda Migori kwa sababu Sori nisingeweza, lakini habari zilinitangulia. Chumba nyuma ya ghala kilifungwa. Watu walewale waliokuwa wakinipakulia kwanza walinipita barabarani wakitazama kwingine, na siwalaumu sana, waliambiwa kwamba wamezikiri miezi yote ile nyuma ya mwongo. Yule mama wa vitenge peke yake alinipa baraza ya nyumbani kwake pale Migori niweke cherehani ya kukodi. Hapo ndipo maisha yangu yalipoanza upya, na namshukuru Mungu yamekuwa mema. Lakini nilichukia. Ustadhi nilimchukia kwa muda mfupi tu, maana alikuwa mpinzani wa mambo yetu na alipinga waziwazi. Maalim nilimchukia kwa miaka. Nilisali, nilifunga, nilifundisha watoto wangu kutawadha kwa mpangilio ule ule alionifundisha, na kila nilipofika kwenye miguu nilimkumbuka nikaudhika. Zikiri sikukaa tena. Nilijaribu mara moja peke yangu, sauti ikakataa kutoka. Kilichonisaidia kuishi na jambo lile ni fikira moja: kwamba alikuwa mzee mwoga, na kwamba mimi nilimwokoa. Niliing'ang'ania fikira hiyo nikaizoea.

Siku chache baada ya simu ya Rajabu nilikwenda kuhani. Nilikuta turubai, watu wengi, na duara kubwa la zikiri uani mchana kweupe, vijana na dufu zao mpya. Ustadhi alishahamia mji mwingine zamani, msikiti ulishajengwa, na hakuna aliyekuwa akibishania tena mambo yale. Rajabu, ndevu zimekuwa nyeupe, ndiye aliyekuwa akiongoza. Alinitambulisha kwa watu: "Huyu ni fundi mmoja kutoka Migori, alishona na mzee kitambo." Nilipompata peke yake alinishika bega.

"Tulikuwa vijana, Yunus. Mjomba angefukuzwa."

"Mimi pia nilikuwa kijana," nilimwambia. Akaondoa mkono, akasema anaitwa.

Bi Hadija alikuwa katika eda, kwa hiyo aliongea nami akiwa ndani, nyuma ya ule ule ukuta wa mbao, binti yake akiwa naye, na mimi nimewekewa kiti sebuleni. Sauti yake ilikuwa imechakaa. Alinipa pole, nikampa pole, akaniuliza watoto ni wangapi. Kisha akasema kuna neno amelibeba muda mrefu na hataki kufa nalo.

"Ile Ijumaa, nyathina, mwanangu, asubuhi alikuwa anapiga kanzu pasi. Alijua watakuita. Nikamuuliza utasema nini. Akasema, 'Nitakataa. Lakini Yunus anajua sharia, nimemfundisha mwenyewe. Ataomba niape, na mimi kuapa uongo siwezi. Akiomba tu nitasema ukweli yote, na tutahama.' Alikuwa amenifanya nianze kufunga vyombo. Akaomba dua kabisa, eti udai."

Nilisogeza kiti karibu na mbao.

"Alirudi akalia kama mtoto. Akasema, 'Ameniachia.'"

"Na baada ya hapo, mama? Migori si mbali."

"Kila mwaka alisema ataenda. Kila mwaka."

Nilikaa pale nikitazama sakafu. Yale macho msikitini hayakuwa yakiniomba nimwache. Yalikuwa yakiniomba nidai. Mtu mzima, imamu, mwenye vitabu, alikuwa na ukweli mdomoni mwake, akauweka mikononi mwa kijana wa miaka kumi na tisa asiye na kwao, akaketi kungoja kama kijana ataujia. Na kijana alipomfanyia hisani aliyofunzwa na yeye mwenyewe, akaipokea, akarudi nyumbani kwake, akakaa ndani yake mpaka akafa. Nilikuwa nimemhesabu mwoga wa siku moja. Kumbe alikuwa mwoga kila siku tangu pale, na alijua.

"Msamehe mzee," Bi Hadija alisema nyuma ya mbao. "Nakuomba mimi."

Nilimheshimu sana mama yule, na nilitafuta jibu ambalo lisingemwumiza. Sikulipata.

"Lile la kunikana nilimsamehe siku ile ile, mama, mbele ya watu," nilimwambia. "Hili la kuningoja nimelisikia leo."